Mshale wa Joto Usioaminika: Ushauri kwa Wenye Pikapu Kongwe

Mji wa Mesquite, ulio mashariki ya Dallas katika jimbo la Texas, ulianza mwaka 1873 kando ya reli ya Texas and Pacific, nao hata leo, ijapokuwa umezungukwa na barabara kuu za I-635, I-30, I-20 na U.S. 80, ungali mji wa watu wa pikapu: mkata majani hubeba mashine zake humo, fundi wa mapaa hubeba ngazi zake, na ndugu zetu wa Afrika Mashariki, kila mmoja wao anapohama nyumba, humwendea yule aliyejaaliwa kuwa na pikapu wakamwomba hisani ya kuwachukulia vitanda na makabati. Aghalabu pikapu hiyo huwa kongwe, Ford F-150 ya miaka ya 1980, au Chevrolet ya zama hizo hizo, au ile Toyota ambayo kwetu twaijua kwa jina la Hilux na ambayo Wamarekani, tangu jina hilo lilipoachwa kwao katika miaka ya 1970, huiita Toyota Pickup basi. Na aghalabu vile vile, jambo la kwanza kumtia mwenyewe tashwishi ni ule mshale mdogo katika dashibodi uliowekwa kumpa habari za joto la injini.

Hali ya hewa ya huku haimsamehe mzembe. Mwezi wa Juni 1980 joto la Dallas lilifika nyuzi 45 za Selsiasi, na kiangazi kile kile zikapita siku 42 mfululizo zilizofika au kuvuka nyuzi 100 kwa hesabu ya Farenhaiti, yaani kama 38 kwa hesabu yetu. Kisha Februari 2021 ikaja baridi iliyoshuka hata nyuzi 19 chini ya sifuri, umeme ukakatika na mabomba yakapasuka majumbani. Gari moja hutakiwa listahimili yote mawili. Fauka ya hayo, tangu tarehe 1 Januari 2025 serikali ya Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari yasiyo ya biashara, na kipimo cha moshi, ambacho wilaya ya Dallas ingali inakilazimisha, hakiyahusu magari ya petroli yaliyopita umri wa miaka 24. Basi pikapu ya mwaka 1985 haina mkaguzi ila mwenyewe.

Yapasa kwanza tujue mshale huo hunena kwa niaba ya nani. Katika kichwa cha injini, au karibu na mahali maji ya moto yanapotokea kwenda kwenye rejeta, kumekazwa kijisumari cha shaba nyeupe au njano ambacho mafundi hukiita sensa, ncha yake ikiwa imezama majini. Na ndani ya sensa hiyo mna punje ya kitu ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyozidi, hata katika Ford za zamani ukashuka kutoka omu 70 na zaidi injini ikiwa baridi mpaka kama omu 10 ikiwa moto wa hatari. Umeme hutoka katika betri, ukapita katika geji, ukafuata waya mmoja mpaka kwenye sensa, kisha ukarudi kwa njia ya chuma cha injini na waya wa ethi hadi betri ulikotoka. Mshale hupima umeme upitao katika safari hiyo nzima, na chochote kiuchezeacho umeme huo njiani huuchezea mshale. Yeye, kwa hiyo, ni shahidi wa kusikia, wala si shahidi wa kuona. Na kadhi mwenye insafu hamfungi mtu kwa ushahidi wa kusikia peke yake, wala hamwachilii kwa huo peke yake. Rai yangu yote katika makala hii imo humo: usinunue spea, usiilaumu injini, wala usiupuuze mshale, mpaka umepata shahidi wa pili.

Shahidi huyo hupatikana kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Pikapu iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1996 ina chini ya dashibodi tundu la kuchomekea kisoma-kompyuta, na kifaa hicho kitakutajia joto la maji kwa tarakimu, kikilipokea kutoka kwa sensa ya kompyuta, ambayo katika magari mengi si ile iuendeshayo mshale. Pikapu iliyotangulia mwaka huo hutaka kipimajoto cha mkononi kisomacho joto kwa mbali bila ya kugusa, ambacho huuzwa katika kila duka la vifaa. Ukielekeze kwenye nyumba ya themostati, pale mpira wa juu wa rejeta unaposhikana na injini. Lakini tahadhari, kwa kuwa chuma king'aacho hukihadaa kifaa hicho kikasoma joto dogo kuliko lililopo, na dawa yake ni kupaka pale doa la rangi nyeusi isiyong'aa, au kubandika kipande cha utepe mweusi, kisha kupima juu ya doa lenyewe. Injini nyingi za pikapu hizi zina themostati ifungukayo kwenye nyuzi 82 au 90, basi ukisoma kati ya 80 na 95 huku mshale umelalia upande wa moto, umekwisha kujua mwongo ni nani.

Yupo na shahidi wa bure, naye ni saa. Injini ya pikapu ni chuma cha uzito mkubwa kilichojaa maji lita nyingi, na mzigo kama huo hauwezi kupata moto wala kupoa kwa kufumba na kufumbua: joto la kweli hupanda kwa dakika, likashuka kwa dakika. Mshale urukao ghafula kutoka kati mpaka mwisho, kisha ukarudi ulipokuwa kabla hujamaliza kuvuka makutano, haukuarifu habari za joto hata kidogo; umekuarifu kwamba mahali fulani waya umelegea, umechubuka, au umegusa chuma. Hali kadhalika utazame mshale unapowasha taa kubwa, unapofungulia feni ya hita, unapoonyesha ishara ya kupinda. Ukiona mshale unapanda kidogo taa zinapowaka, au unacheza kwa mapigo ya ishara, usiende kununua sensa wala themostati, maana maji hayajui kwamba umewasha taa. Hiyo ni kasoro ya ethi.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Pikapu iliyokwisha kufunguliwa na mafundi wengi katika umri wa miaka thelathini au arobaini hukosa, mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, ule utepe wa waya uliosukwa ufungao injini na ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva. Fundi mmoja aliufungua alipotoa injini, akausahau, na tangu hapo umeme wa dashibodi hutafuta njia za kuponyokea, kwa kebo ya mafuta, kwa bomba la breki, kwa kila kisichohusika. Chukua mita ya umeme, uiweke kwenye volti, ncha moja ishike nguzo hasi ya betri na ya pili ishike chuma kisafi cha injini, kisha washa injini na taa na feni zote: mita ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi yako ni mbovu. Rudia kipimo hicho kwenye chuma cha dashibodi. Kusugua vituo vya nyaya kwa msasa na kufunga waya mpya ni kazi isiyozidi gharama ya chakula cha mchana, nami nathubutu kusema kwamba huponya mishale mingi kuliko spea zote zilizomo dukani.

Ethi ikiwa nzima, sasa waweza kuihoji sensa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua swichi bila ya kuwasha, utazame mshale: mahali pake ni chini, penye herufi C. Ukiwa juu wakati injini imelala usiku kucha, ng'oa waya wa sensa. Mshale ukianguka, sensa imekufa kwa ndani, na usipoanguka, waya umechubuka ukagusa chuma mahali fulani kati ya injini na dashibodi, au geji yenyewe imeharibika. Ukiwa chini siku zote hata injini ikipata moto, fanya kinyume chake: ushikize ule waya ulioung'oa kwenye chuma kisafi cha injini, kwa kupitia resista ndogo ya omu 10 ikiwa gari ni Ford ya zamani, maana geji zake hazipendi umeme usiozuiwa, na mshale utapanda kuelekea H. Ukipanda, geji na waya ni wazima na dhambi ni ya sensa. Usipopanda, panda wewe mpaka nyuma ya dashibodi. Kabla ya yote hayo hakikisha umeshika sensa iliyo sawa, kwa sababu katika pikapu nyingi zimo mbili, ile ya mshale yenye waya mmoja na ile ya kompyuta yenye nyaya mbili, na muuza duka asiyeulizwa vyema atakuuzia iliyo karibu na mkono wake.

Sensa mpya nayo haina cheti cha ukweli. Zipo zinazouzwa kwa jina la gari lako huku ukinzani wake haulingani na geji iliyotoka kiwandani, mshale ukawa tangu siku hiyo umezidi au umepungua kwa robo nzima ya uso wa geji, na mwenye gari akabadili rejeta, akabadili pampu ya maji, akabadili kila kitu ila kile kilichomletea taabu. Ukiweza kuipata ile ya asili katika yadi ya magari mabovu, ichukue. Na unapoikaza usiiviringe utepe mweupe mwingi wa mabomba, kwa kuwa sensa ya waya mmoja hupata ethi yake kwa njia ya hesi zake tu.

Aliye na mashaka na aijaribu jikoni, katika sufuria ambayo haitapikiwa tena. Sensa itumbukizwe ncha yake katika maji, pamoja na kipimajoto, mita ya umeme ikiwa imeshikizwa juu yake, maji yapashwe polepole. Ukinzani utashuka taratibu bila ya kuruka, na namba zake utazilinganisha na zile zilizoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari lako. Wa Mesquite atachemsha maji karibu kabisa na nyuzi 100; msomaji wangu wa Nairobi, aliye juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji yake yatachemka kwenye nyuzi 94 au 95, basi asije akaishtaki sensa kwa kosa la mlima.

Ford za mpaka katikati ya miaka ya 1980 zina hila yao wenyewe, ambayo hawaijui ila waliokwisha kuadhibiwa nayo. Geji zake za joto, za mafuta na, pale ilipo, ya presha ya oili, hazipati volti 12 za betri. Nyuma ya dashibodi kuna kidude kidogo cha bati kipunguzacho umeme huo kwa kuufungua na kuufunga mara kwa mara, utepe wa madini mawili ukijikunja kwa joto na kujinyosha, hata wastani wake ukawa kama volti 5. Kidude hicho kikigandiana, au kikikosa ethi ya bati lake, volti zote 12 huzimwagikia geji. Dalili yake ni ya wazi kwa mwenye kuangalia: mishale hupanda pamoja. Tangi ulilolijaza nusu laonekana limejaa, presha yaonekana ya ajabu, na injini iliyo salama yaonekana inachemsha, yote kwa siku moja. Mwenye pikapu akiutazama mshale wa joto peke yake atakimbilia rejeta. Akiutazama pamoja na wenziwe atakimbilia bisibisi. Kidude kizima huonyesha katika mita umeme unaopigapiga. Kibovu huonyesha volti 12 zisizotikisika, au sifuri. Usijaribu kamwe kuipa geji ya aina hiyo umeme wa betri moja kwa moja, utaiunguza. Ukiwa umekwisha kuifungua dashibodi, tazama na ule ubao wa plastiki laini wenye mistari ya shaba ulio nyuma yake. Kokwa zake hulegea na shaba yake hufanya kutu, na kifutio cha penseli chatosha kuisafisha.

Mpaka hapa nimemtetea mwenye gari dhidi ya mshale. Lakini iko mishale inayosema kweli na kutukanwa bure. Mtu aliyezoea gari jipya, ambalo geji yake imefundishwa na watengenezaji kukaa kati kabisa pasipo kutikisika ingawa joto la maji linapanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, akipata Chevrolet ya mwaka 1984 huona mshale ukipanda kwenye foleni ya I-635 na kushuka barabara ikifunguka, akadhani una wazimu. Hauna. Ukipanda taratibu gari likisimama na kushuka likienda kasi, tazama feni na klachi yake, na kama kiyoyozi kimewashwa. Ukipanda gari likienda kasi na kushuka likipunguza mwendo, tazama rejeta iliyoziba na maji yasiyozunguka. Mshale ukaao chini mno majira ya baridi, hita nayo ikipuliza uvuguvugu, husema kweli vile vile: themostati imekwama wazi, au haimo.

Haimo, nasema, kwa sababu watu wetu wana mazoea ya kuitoa. Gereji ngapi kwetu, gari likichemsha, fundi huitupa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba hiyo ni ya nchi za baridi! Ni rai mbaya tangu asili yake. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na kuchafua oili, na katika baadhi ya injini themostati ndiyo iufungayo mlango wa maji yanayorudi injini bila ya kupita katika rejeta, basi ikitolewa, gari huzidi kuchemsha badala ya kupoa. Aliyekuja nayo desturi hiyo mpaka Texas aiache.

Uongo wa kuogopwa kuliko wote ni ule wa upole. Maji yakipungua katika injini mpaka sensa ikabaki hewani, mshale waweza kushuka na kukaa kwa utulivu huku chuma kinaungua na hedi gasketi inakwenda, kwa kuwa sensa yapima kilichoigusa, na sasa hakuna maji yaliyoigusa. Hapo hita ndiyo shahidi wako: injini ya moto yenye hita ipulizayo baridi ni injini iliyopungukiwa na maji, mshale useme utakalo. Hewa hiyo hubaki ndani pia baada ya kubadili maji. Egesha gari pua yake ikielekea juu, jaza polepole, fungulia hita, uache injini izunguke mpaka mapovu yaishe. Maji yenyewe yachanganywe nusu kwa nusu na kulanti: mchanganyiko huo haugandi mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri, na chini ya kifuniko kizima cha rejeta hauchemki mpaka karibu nyuzi 129. Kifuniko kilichokufa hukupunguzia nyuzi ishirini hivi za salama, na bei yake ni ndogo. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Usiimwage mahali pa watoto na mbwa.

Na mshale ukifika kwenye moto wewe uko njiani? Usisimame katikati ya njia kuufasiri. Zima kiyoyozi, fungulia hita yote, toka barabarani, uzime injini. Kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila ya kuunguza. Mvuke, harufu tamu, maji chini ya gari, hayo yote ni ushahidi wa kweli. Vikikosekana vyote, na mpira una joto la kawaida, urudi nyumbani polepole ukafanye upelelezi niliokueleza.

Aliyechoka na upelelezi ninampa shauri ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Nunua geji ya joto isiyotumia umeme, ile yenye balbu itumbukizwayo majini na bomba jembamba la shaba lililojaa kimiminika chenye kufanya mvuke, mshale wake ukisukumwa na mkunjo wa Bourdon, ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliupatia hati mwaka 1849. Haijui ethi wala betri. Bomba lake halikatwi wala halikunjwi kwa nguvu, na balbu yake sharti iwe imezama. Ifunge chini ya dashibodi, ile ya kiwandani uiache mahali pake, na siku utakapoiuza pikapu mwandikie mnunuzi katika karatasi ni geji ipi kati ya hizo mbili ya kuisadiki.